Tofali la Kasembe Lapata Nafuu

Sogeeni karibu, maana nitasimulia kwa sauti ya chini. Si kwamba naogopa. Mimi naipenda serikali, mtaa mzima unajua, na hata hii nchi ninayotaka kuisema si ya kwetu hata kidogo. Iko huko. Ukiniuliza huko wapi, nitajua una nia mbaya na nitakwenda zangu kulala.

Basi, Mkuu wa nchi hiyo alisafiri ng'ambo, akarudi na homa ya kupima. Sijui walimlisha nini. Alishuka kwenye ndege, akalitazama zulia alilotandikiwa, akauliza lina urefu gani. Aliyeulizwa akababaika, akafukuzwa kazi palepale, zulia likakunjwa. Kesho yake ikaundwa wizara mpya, Wizara ya Vipimo, Matokeo na Kuridhika kwa Wananchi, na waziri wake akapewa magari mengi kuliko Waziri wa Maji. Waziri huyo akaanza kupita mji hadi mji kuzindua upimaji.

Zamu ya mji mdogo wa Tegemea ilipofika, jukwaa la Mheshimiwa lilijengwa na seremala mmoja mpole aitwaye Kasembe. Halmashauri ilimletea misumari kwenye mfuko uliotoboka, ikamwagika kwenye nyasi, naye akishuka na nyundo yake akaukanyaga mmoja. Ukapenya ndala, ukapenya unyayo. Kasembe akauchomoa, akafunga kitambaa, akaenda kusimama na mkewe kusikiliza hotuba.

"Ndugu wananchi!" Waziri akanguruma. "Zamani tulikuwa tunatoa huduma kienyeji! Mtu anaumwa, anatibiwa, anapona, anakwenda zake nyumbani, na hakuna anayejua ni asilimia ngapi! Huo ulikuwa ushamba! Kuanzia leo kila ofisi itakuwa na rangi. Kijani, mambo safi. Njano, inasuasua. Na nyekundu..." Hapo akawatazama watumishi waliokaa mbele, nao wakatazama viatu vyao.

Watu wote wakapiga makofi isipokuwa mke wa Kasembe. Jina lake Sikudhani, na sijapata kuona wazazi waliokosea jina kiasi kile, maana mwanamke yule alidhania kila kitu. Ukimsalimu kwa uchangamfu, anakuuliza unataka nini. Umeme usipokatika jioni nzima, anakwenda dirishani kuchungulia kuna njama gani. Kasembe yeye ni kinyume chake. Ungeweza kumuuzia mlango wa nyumba yake mwenyewe, akakushukuru na kukusaidia kuubeba.

"Mama Pili, piga makofi, watu wanakuangalia," Kasembe akanong'ona.

"Kwanza niambie wanataka kutupima nini."

"Si sisi. Wanapima ofisi."

"Fundi cherehani akinipima, najua nitavaa gauni. Hawa wananishonea nini?" Sikudhani akatupa jicho chini. "Ala! Baba Pili, mbona kitambaa chako kimelowa damu?"

"Msumari tu, mke wangu. Kesho nitapita kituo cha afya."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, masikini.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja kuhusu watu wa Tegemea, la sivyo mtadhani natia chumvi. Kituo chao cha afya kilikuwa na chumba cha daktari, chumba cha kujifungulia, wodi ndogo, na nje, mbele ya mlango, rundo kubwa la matofali ya kuchoma. Rundo lile ndilo lililokuwa jengo la upasuaji. Kiongozi fulani alikuja zamani akakata utepe, matofali yakaletwa, picha zikapigwa, na ujenzi ukaishia kwenye picha. Watu wa Tegemea hawapendi kitu kikae bure. Mgonjwa akifika asubuhi anachukua tofali moja kwenye rundo, analitia alama yake kwa mkaa, analipanga kwenye foleni, kisha anakwenda kukaa nyuma ya jiko la kituo kwenye kivuli mpaka aitwe.

Na tofali likishapangwa, huyo ndiye wewe. Hakuna wa kulisogeza. Ukiuliza, "Nani wa kwanza leo?" utaonyeshwa tofali, uambiwe, "Ni Mama Shani, na yule nyuma yake ni Mzee Ponera." Ukilipiga teke, umempiga teke Mzee Ponera, na wajukuu zake watakufuata kwako kukuuliza una ugomvi gani na babu yao.

Kesho yake Kasembe akawa wa kwanza. Akachora nyundo kwenye tofali lake, akaliweka mlangoni, akachechemea hadi kivulini na mkewe. Mguu ulikuwa umeanza kuvimba. Sikudhani yeye alikuwa ameiangalia vizuri baraza ya kituo walipopita.

"Wamepiga deki," akasema.

"Vizuri. Usafi ni afya."

"Baraza ile haijaona maji tangu tuoane. Kuna mtu anakuja, Baba Pili. Si kwa ajili yetu sisi."

Na kweli, gari jeupe lilikuwa linasimama upande wa pili, ambako wao hawakuweza kuliona. Akashuka Bwana Lukindo, Mpimaji Mwandamizi kutoka makao makuu, na suti yake, kishikwambi mkononi na saa ya kupimia wakimbiaji shingoni. Mkuu wa kituo, Daktari Nzowa, alikuwa chooni tangu alipopigiwa simu ya ugeni. Kwa hiyo aliyempokea mgeni ni muuguzi, Sista Kresensia, mzaliwa wa Tegemea.

"Wateja wako wapi?" Lukindo akauliza. Neno mgonjwa lilikuwa limepigwa marufuku kwa sababu lilionekana linawavunja moyo watumishi.

Kresensia akajibu kama alivyozoea kumjibu kila mtu. "Si hao hapo kwenye mstari?"

Lukindo akageuka akayatazama matofali. Mimi na wewe tungecheka. Lakini Lukindo alikuwa amesomeshwa kwa gharama kubwa kwamba mpimaji habishani na takwimu, anazichukua.

"Majina?"

"Wa kwanza huyu ni Mzee Kasembe, ana mguu. Anayefuata Mama Shani, kifua."

Lukindo akamzunguka Mzee Kasembe, akampima kwa rula, akajaza maelezo yake kwenye kishikwambi: urefu, upana, rangi ya udongo, viungo. Alikuwa mtu mwaminifu, akaandika alichokiona. "Wametulia sana," akasema.

"Wamezoea, bosi. Ngoja nikawaite..."

"Unakwenda wapi? Ukitoka eneo la huduma saa inahesabu, na mimi naandika nyekundu." Akabonyeza saa yake. "Wahudumie."

Nyekundu! Kresensia alimjua muuguzi mmoja ambaye kituo chake kilipata nyekundu akahamishiwa kusikojulikana. Barua ya uhamisho ilifika huko, mwenyewe hadi leo hajafika. Basi akainama, akalibeba tofali lenye nyundo kwa mikono miwili. "Karibu ndani, mzee," akaliambia.

Daktari Nzowa alikuwa ndiyo kwanza ametoka chooni, suruali haijakaa sawa. Akaona tofali juu ya kiti cha mgonjwa. Akaona suti mlangoni na saa inatembea. Hakusoma udaktari bure, alielewa haraka.

"Unasumbuliwa na nini, mzee?" akaliuliza tofali, akainamisha kichwa kwa adabu kusubiri jibu.

"Mguu, daktari," Kresensia akajibu kwa niaba yake.

Nzowa akaandika dawa. Kresensia akachoma sindano, sindano ikapinda, dawa ikatiririka sakafuni. Wakalifunga bendeji nyeupe safi, wakalitoa kwa mlango wa nyuma. Akaingia Mama Shani, akasikilizwa kifua, akaambiwa apunguze chumvi. Akaingia Mzee Ponera. Foleni nzima ikaisha kabla chai ya daktari haijapoa. Mwishoni Lukindo akasimama mbele ya matofali, akasafisha koo. "Ambaye hakuridhika na huduma anyooshe mkono," akasema, akasubiri vizuri tu, hakumharakisha mtu.

Hakuna aliyenyoosha. Lukindo alikuwa amepima ofisi nyingi, akatukanwa, akakoholewa usoni, akashikwa koti na akina mama wanaolia. Hapa machozi yalimlenga. Akabonyeza kijani.

Gari lilipoondoka ndipo watu wakaitwa kutoka kivulini. Kasembe akakuta tofali lake limekaa kwenye benchi la kutokea, limefungwa bendeji.

"Umeshahudumiwa, baba," Nzowa akamwambia. "Tena wewe ndiye uliyefungua dimba."

"Mimi?"

"Wewe. Sindano yako imetoka, jina lako lipo. Nikikupa nyingine utakuwa mteja hewa, na wateja hewa siku hizi wanakwenda jela."

Kasembe akalitazama tofali, akautazama mguu wake, akafikiri. "Mama Pili, pengine ni kweli," akasema. "Mbona nasikia kama nafuu kidogo?"

"Nafuu ya nani!" Sikudhani akang'aka. Akaivua ile bendeji kwenye tofali, akaanza kumfunga mumewe. Nzowa akamnyang'anya, akalifunga tena tofali. Mali ya mteja haiguswi, akasema, na uso wake haukuwa na aibu hata ya kuazima.

Walipofika getini Kresensia akawakimbilia, akashika mkono wa Sikudhani. "Mama, nisikilize. Mguu huu ni wa sindano za wiki moja tu, unapona kabisa. Lakini ukiachwa utaoza, na ukioza ni msumeno. Fanya unavyoweza."

Sikudhani akamkazia macho. "Kwa nini unaniambia? Umetumwa na nani?"

Kresensia akauachia mkono, akarudi ndani.

Mwezi haujaisha, Tegemea ikatangazwa ya kwanza kitaifa. Redio ilisema wananchi wa Tegemea wana subira, nidhamu na utulivu usio na mfano. Waraka ukatoka, kila ofisi ijifunze kwa Tegemea, na nchi nzima ikaanza kupanga matofali. Mahakamani kesi zilizokuwa zimeota ukungu zikaisha, mlalamikaji tofali, mshitakiwa tofali, na hakuna aliyekata rufaa. Shuleni watoto walirudishwa nyumbani, madawati yakajaa matofali, utoro ukakoma na kelele zikakoma, walimu wakapewa vyeti. Bwana mmoja aliyekuwa anajenga choo chake alikamatwa kwa kosa la kuwafungia wateja ukutani bila ridhaa yao.

Tofali la Kasembe nalo likalazwa, kwa sababu wizara ilianza kupima vitanda pia. Lilipewa kitanda cha dirishani, shuka, chandarua na uji wa asubuhi. Uji alikuwa anaunywa Nzowa kwa niaba yake.

Huko nyumbani Kasembe mwenyewe alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umejaa hadi gotini, umebadilika rangi. Sikudhani alimkanda kwa maji ya chumvi, akampa majani, akamlisha vidonge alivyoazima kwa jirani, huku akimuuliza jirani kwa nini ana vidonge vingi hivyo. Harufu ilipoanza, akajifunga kanga kiunoni akaenda Dawati la Malalamiko, ambalo lilikuwa limewekwa maua.

"Malalamiko tunapokea kwa mteja mwenyewe," ofisa wa dawati akamwambia kwa upole, "na mteja Kasembe ameridhika. Wewe ni nani wake?"

"Mkewe wa ndoa. Na yupo nyumbani anaoza mguu!"

Ofisa akaangalia kwenye mashine yake, akaangalia tena. Uso ukabadilika. "Mama, mume wako Kasembe yupo wodini, kitanda cha dirishani, anaendelea vizuri. Sasa huyo mwanamume unayemuuguza nyumbani kwako ni nani?"

Jamani! Sikudhani alitoka pale mdomo wazi. Njia nzima maneno yale yalikuwa yanamtafuna, maana mwenye kushuku ukimpa jambo jipya la kushuku, unampa kazi. Alipofika akasimama mlangoni, akamtazama mgonjwa wake kwa jicho la pembeni.

"Mama yako mzazi anaitwa nani?" akauliza ghafla.

"Bi Somoe," Kasembe akajibu. "Mke wangu, homa ninayo mimi, mbona unaweweseka wewe?"

Sikudhani akakaa chini kando yake, akacheka, kisha akalia. Alikuwa amechoka, na alikuwa na hasira ambayo hakujua aipeleke wapi.

Asubuhi yake akajaribu jambo. Akampaka mumewe udongo mwekundu mwili mzima, akamfunika gunia, akamsukuma kwa toroli hadi kwenye foleni, akamkunja katikati ya matofali mawili. "Leo wewe ni tofali," akamwambia sikioni. "Usipumue kwa nguvu. Usiseme asante. Nakujua, Baba Pili, ukifikiwa utataka kusema asante."

Kasembe akajitahidi, masikini ya Mungu. Foleni ikasogea vizuri, Mama Shani akaingia, Mzee Ponera akaingia. Zamu yake ilipofika wahudumu wawili wakamwinua, mmoja huku, mmoja huku, na yule wa huku akaushika mguu.

"Aaah! Mguu wangu!"

Nzowa akachungulia kutoka ndani. "Linagumia?"

"Linagumia, daktari."

"Basi hilo bovu, halikuchomwa vizuri. Toeni nje, litatuharibia takwimu."

Wakamviringisha kwenye majani. Mama wa watu akamwokota mumewe, akamrudisha kwenye toroli, na njia nzima udongo ulikuwa unamtiririka Kasembe usoni kwa jasho. Alikuwa anaomba radhi kwamba alishindwa kunyamaza. "Ungekuwa umeniambia nisipige kelele pia," akasema.

Siku chache baadaye magazeti yakaandika kwamba Waziri atakuja mwenyewe kumtunuku mteja Kasembe kikombe cha Mteja Bora wa Taifa. Picha ya tofali ilikuwa ukurasa wa mbele, bendeji safi, nyundo ya mkaa inaonekana vizuri. Sikudhani akaitazama picha ile muda mrefu, na kwa mara ya kwanza kushuku kwake kukamzalia kitu cha maana. Hawa watu hawaogopi mume wangu afe, akajiambia. Wanaogopa tofali lisije likafa.

Saa ya kuona wagonjwa akaenda wodini na kikapu cha chakula, akajitambulisha kuwa ni mke wa mteja. Wakampisha kwa heshima zote. Ndani alikuwepo Kresensia peke yake, anakunja mashuka. Sikudhani akalinyanyua tofali kwa mikono miwili, akaligonga kwenye chuma cha kitanda kwa nguvu zake zote. Pembe moja ikakatika. Akalirudisha chini ya shuka, akaweka mikono kichwani.

"Uwiii! Mume wangu! Amezidiwa! Jamani mume wangu anakatika vipande!"

Nzowa akaingia mbio, akafunua, akaona. Mteja Bora wa Taifa, wiki ya tuzo! Akataka kuleta tofali jingine, lakini nchi nzima ilikuwa inalijua hili kwa sura. Akampigia Lukindo, Lukindo akapigia wizara, wizara ikaamuru bingwa wa upasuaji kutoka mji mkuu apande ndege ya serikali mara moja.

Watu walipotawanyika Kresensia akabaki. Alikuwa ameona kila kitu. "Mlete kwa mlango wa jikoni," akasema taratibu. "Nitalitoa hilo, nimlaze yeye."

"Unataka nini?" Sikudhani akamuuliza.

"Nataka usiku nipate usingizi, mama."

Sikudhani akamtazama, akatafuta ubaya usoni mwake, akaukosa. Akaenda kumchukua mumewe.

Lakini ile mara moja ya serikali mnaijua. Ndege ya bingwa ilitua kwanza kila mji wenye uwanja, ili ipimwe inavyowahi. Kila ilipotua palikuwa na ngoma, vyeti na chakula cha mchana, na bingwa anatakiwa kusema neno. Kasembe alilala kwenye kitanda cha dirishani, chini ya chandarua chake hatimaye, akinywa uji wake hatimaye, na mguu unazidi kuwa mweusi. Kresensia alimchoma sindano kila zilipopatikana. Zilikuwa zimechelewa. Nzowa yeye hakukikaribia kitanda, aliogopa tofali lisije likakatika pembe nyingine mbele yake.

Bingwa alikuwa mzee mmoja wa zamani, aliyefundishwa kabla ya rangi. Alipoingia hakutazama mashine ya mtu. Akafunua shuka, harufu ikampiga, akauliza, "Nani ameuacha mguu huu?"

Nzowa akafungua mdomo, "Profesa, lakini huyu siye..." na Lukindo, aliyekuwa nyuma yake, akamkanyaga kidole. Jina la mteja lilikuwa Kasembe, kitanda ni kilekile, na mteja alikuwa hai. Lukindo hakuona tatizo.

Bingwa akaugusa mguu, akamgeukia Sikudhani. "Wewe ndiye mkewe? Mama, mguu haupo tena. Tuokoe roho. Ungeletwa mapema, ingekuwa sindano tu."

"Nilimleta," Sikudhani akasema. "Siku ya kwanza kabisa nilimleta." Akamshika mumewe mkono, na hapo hakumshuku mtu yeyote, alilia tu.

Walimkatia kwenye kitanda cha kujifungulia, kwa sababu jengo la upasuaji lilikuwa nje kwenye foleni. Bingwa akamaliza, akanawa, akaondoka bila kuaga, akakataa hata cheti. Roho ya Kasembe ikabaki. Mguu wa kulia ukaishia gotini.

Waziri akafika na msafara wake, na mji mzima ukaketishwa kwenye mikeka mbele ya baraza. Nzowa alikuwa anajiuliza. Atamweleza vipi Mheshimiwa kwamba Mteja Bora wa Taifa ana mguu mmoja? Lukindo akamtuliza. Akafungua kishikwambi chake, akatafuta yale maelezo aliyojaza mwenyewe siku ile ya kwanza, akayalinganisha na mteja aliyeketi mbele yake kwenye kiti, akatabasamu. Akamnong'oneza Waziri, Waziri akatoa macho, akamkumbatia.

"Ndugu wananchi!" Waziri akasimama. "Nimekuja hapa nikidhani nakuja kutoa kikombe. Kumbe nimekuja kushuhudia muujiza wa takwimu! Hapa mkononi nina kumbukumbu za mteja Kasembe alipoingia katika kituo hiki. Zimepimwa na mtaalamu, kwa rula. Viungo: hakuna. Miguu: hakuna! Mteja huyu, ndugu zangu, aliingia hapa hana mguu hata mmoja!" Akamwelekezea Kasembe kidole. "Hebu mtazameni leo! Ana mguu mzima, na vidole vitano, na unafanya kazi! Tumejaribu kupiga hesabu ya ufanisi huu, mashine ikashindwa! Haina namba kubwa kiasi hicho!"

Watumishi wakasimama kushangilia. Nzowa akafutwa jasho na mtu asiyemjua. Kasembe akakabidhiwa kikombe, na kwa kuwa ni mtu wa adabu, akakiweka mapajani akapiga makofi na yeye.

"Na mama wa nyumbani?" Waziri akamsogezea Sikudhani kipaza sauti. "Mama, umeridhika?"

"Alikuwa na miwili," Sikudhani akasema.

Waziri akamgeukia Lukindo. Lukindo akaangalia kwenye kishikwambi chake kwa makini na kwa uaminifu, juu hadi chini, akatikisa kichwa.

"Hakuna kumbukumbu, Mheshimiwa."

"Hakuna kumbukumbu, mama," Waziri akamwambia Sikudhani kwa huruma ya kweli, akampigapiga begani, akachukua kipaza sauti chake. "Ndugu wananchi, serikali yenu haitaishia kwa mtu mmoja. Lengo letu mwaka ujao ni moja tu, nchi nzima, bila upendeleo. Mguu mmoja kwa kila mteja!"

Makofi yakapigwa, lakini ya watumishi tu. Waziri akayatembeza macho kwenye mikeka, akiwatazama watu kuanzia kiunoni kwenda chini, akatabasamu. "Naona hapa wapo waliovuka lengo," akasema. "Msiwe na wasiwasi. Hao nao tutawafikia."

Mama Shani akaikunja miguu yake akaikalia. Mzee Ponera naye akaikunja, na mkeka hadi mkeka, mji mzima wa Tegemea ukaficha miguu chini ya nguo. Sikudhani akavua kanga begani, akaufunika ule mguu wa Kasembe uliobaki, akapiga magoti akaukumbatia kwa mikono yote miwili. Mumewe akamwambia wageni wanatazama. Hakuuachia mpaka gari la mwisho la msafara lilipopotea barabarani.